Kifaransa Changu na Chemchemi ya Itemba

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nzima nimechapa ratiba ya wageni wa michoro ya miambani ya Kolo. Siku mbili Kondoa, chakula cha kubeba, gari moja. Chai ya saa nne. Kisha Bwana Mallya akaniita ofisini kwake.

Wageni wawili wanatoka Ufaransa. Wanafika tarehe 24. Mkalimani tuliyemzoea wa Arusha ana safari nyingine. Bosi akageuza kiti, akacheka.

"Kwani nahangaika nini? Debora si unajua Kifaransa? Kiko kwenye wasifu wako."

Nikasema ndiyo. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo tena.

Sijui Kifaransa. Nilisoma miaka miwili sekondari, kwa mwalimu aliyeondoka katikati ya mwaka. Najua salamu, siku za wiki, namba hadi sitini, na wimbo mmoja wa kengele. Miaka minne iliyopita, nilipokuwa natafuta kazi, niliandika "Kifaransa: vizuri sana". Niliona nafasi iko wazi pale kwenye fomu ya wasifu, nikaijaza. Basi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku kumi na nne.

Jumatano, 11 Juni

Bosi anataka karatasi moja ya kuwajua wageni. Wanatoka wapi, kwao kukoje, wanapenda nini. Nimefanya hiyo kazi siku nzima na, sijui niseme nini, nimeifurahia.

Mkoa wao ni wa milima, katikati kabisa ya nchi. Unaandikwa Auvergne. Unasomwa Overnye. Herufi nane, na sikuweza kusoma hata moja ilivyo. Mwanzo mzuri kwa mkalimani.

Nilidhani milima ya Ufaransa yote ni barafu na watu wa kuteleza. Hii si hivyo. Ni volkano zilizolala, nyingi, zimejipanga kama vichuguu, zimeota majani hadi juu. Juu ya mlima mmoja kuna magofu ya hekalu la Warumi, na siku hizi treni ndogo inapandisha watalii hadi pale. Mji wao mkubwa una kanisa jeusi tii, si kwa moshi, limejengwa kwa mawe ya volkano. Kabla ya Warumi waliishi watu walioitwa Wagali, wakapigana nao vitani kwenye vilima hivyo hivyo.

Ng'ombe wao ni wekundu, wenye pembe ndefu. Kiangazi walipandishwa mlimani na wachungaji wakakaa huko miezi, kwenye vibanda vya mawe, wakitengeneza jibini. Nikamkumbuka babu na ng'ombe wake.

Halafu vijana wakaondoka. Ardhi ngumu, baridi kali. Walikwenda Paris kuuza makaa ya mawe na kufungua migahawa. Vijiji vikabaki na wazee. Sasa watalii ndio wanaokuja: kutembea kwa miguu, kuoga kwenye chemchemi za maji moto, kunywa maji ya mlima.

Nimeandika kurasa mbili. Bosi amesifu. Nikafurahi kwa saa nzima, kisha nikakumbuka kwamba nimeyasoma yote kwa Kiingereza.

Ijumaa, 13 Juni

Sijala mchana.

Jioni nimekwenda kwa Mama Consolata, fundi cherehani wa hapa Nzuguni, Dodoma, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni Mrundi. Amekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake bado kina Kirundi ndani. Nilishamsikia akiongea Kifaransa kwenye simu na dada yake, haraka haraka, kama mtu anayemwaga maharage kwenye sinia.

Nikamweleza yote. Ni mtu wa kwanza. Hakucheka mwanzoni. Alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Siku kumi na moja sishoni hata gauni la bibi harusi. Wewe unataka nikushonee lugha."

Ndipo akacheka. Kisha akasema nije kila siku saa kumi na moja jioni. Niwe nashona vifungo huku tunaongea. Kiswahili kibaki mlangoni.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Aibu.

Vifungo arobaini na vinne. Vitenzi sijui vingapi. Mama Consolata ananiuliza swali, mimi natafuta neno, yeye anaendelea kukanyaga cherehani na kusubiri. Kusubiri kwake kunatisha kuliko kukemewa. Leo niliweza kusema nimezaliwa wapi, mama alifariki lini, nani alinilea. Sentensi sita. Nimetoka jasho kama niliyelima.

Akipunguza kasi namwelewa. Akiongea kawaida nasikia upepo tu.

Jumanne, 17 Juni

Hali ni mbaya kuliko nilivyodhani.

Leo bosi kafungua mambo yote. Mgeni mmoja si mtalii. Ni mwekezaji. Anataka kujenga kambi ya wageni milimani, vyumba kumi na viwili vya mawe na mbao, kwa watu wa kupanda milima. Kampuni yetu itamletea wageni. Mahali palipochaguliwa ni Itemba, juu ya Kibakwe, karibu na chemchemi.

Itemba ni kwetu.

Nimekulia pale kwa shangazi Yustina, dada yake baba. Maji ya chemchemi ile nimeyabeba kichwani kuanzia darasa la kwanza hadi la saba.

Tarehe 27 utafanyika mkutano mkuu wa kijiji. Mwekezaji ataeleza, wananchi watauliza, watasaini. Mimi nitatafsiri. Bosi aliniwekea mkono begani.

"Wewe ni mtoto wa pale. Watakusikiliza kuliko mtu yeyote."

Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Akaingia dereva kuuliza habari ya tairi, nikaufunga.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Tumesikia unakuja na Wazungu wa maji."

Nikauliza Wazungu wa maji ni nini. Akasema mtendaji wa kijiji ametangaza kuwa chemchemi itaendelezwa. Watu wanaelewa ni mabomba hadi mlangoni. Amemwambia kila mtu, sokoni, kwenye kikundi cha akina mama, kanisani, kwamba mtoto wake anaongea lugha ya wale watu na hakuna atakayedanganywa.

"Wengine wana hofu," akasema. "Nimewaambia, Debora yupo."

Nilikata simu nikisingizia mtandao. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumamosi, 21 Juni

Juzi Mama Consolata alisema wazi: kamwambie bosi. Bado mapema. Atafute mtu mwingine.

Nilikwenda jana kwa nia hiyo. Naandika ili nisije kujidanganya baadaye. Nilifika mlangoni. Bosi akanionyesha kitambulisho cha kuvaa shingoni alichonitengenezea, kina picha yangu na neno MKALIMANI. Alifurahi nacho kama zawadi. Nikakivaa. Nikasema asante.

Mwoga. Hakuna neno lingine.

Mama Consolata hakunilaumu. Alinipa shati la kuweka vifungo, akaniuliza kwa Kifaransa naogopa nini zaidi, kupoteza kazi au kuonekana. Nilielewa swali zima, kila neno. Nikatia uzi mwingine kwenye sindano.

Jumanne, 24 Juni

Wamefika. Walikuja na gari kutoka Dar es Salaam, sisi tukawapokea Kibaigwa. Magari ya mahindi yamejaa pande zote mbili za barabara, madalali wanapiga kelele, vumbi. Nilisema salamu zangu. Wakaitika. Mbingu haikuanguka.

Mwekezaji anaitwa Bastien. Umri kama miaka arobaini, mwembamba, mpole, anaongea bila kufungua midomo. Namwelewa robo, labda chini ya robo.

Wa pili ni mama wa miaka sabini na kitu, Odile. Mwalimu wa jiografia, mstaafu. Ni shangazi yake Bastien, na ameweka akiba yake kidogo kwenye mradi, ndiyo maana kaja kuona. Yeye anaongea kama anaandika ubaoni. Namwelewa nusu, mara nyingine zaidi. Aliuliza kuhusu mahindi, nikamjibu, akanielewa. Nilikaribia kulia.

Njiani tulipita Kongwa, kisha Mpwapwa. Bosi aliuliza swali, nikamuuliza Bastien, akajibu kirefu, nikampa bosi jibu fupi. Jibu nililitunga. Liliingiana na swali. Bosi akatikisa kichwa akaridhika.

Hakuna aliyegundua. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Ni rahisi mno.

Jumatano, 25 Juni

Kibakwe asubuhi, kisha kwa miguu hadi Itemba, saa moja na nusu. Baridi ya Juni, ukungu umekaa mabondeni. Shangazi alitupokea na ugali, mlenda na kuku. Ananiangalia kwa fahari, siwezi kumtazama usoni.

Mchana Bastien na bosi walikwenda kupima eneo. Nilibaki na Odile. Akachukua kijiti, akachora kwao ardhini kwa ajili yangu. Volkano moja, mbili, tatu. Mto. Kijiji chake. Akachora nyumba kumi, kisha akaanza kuzifuta moja moja kwa kidole. Huyu kafa. Huyu yuko Paris. Hii imenunuliwa na watu wa mbali, wanakuja mwezi wa nane, mwaka uliobaki imefungwa. Hii pia. Hii pia. Zikabaki tatu.

Nilimuuliza kama utalii ni mbaya. Nililipanga swali kwa dakika nzima. Akasema hapana. Shule yao isingedumu bila utalii, wala duka la mikate. Kisha akasema jambo kuhusu maji na kuhusu babu yake. Nilimwelewa kipande tu: kwamba watu walifurahi siku ile. Nikatikisa kichwa kana kwamba nimelipata lote.

Alinitazama kidogo. Mwalimu anajua mwanafunzi anapotikisa kichwa tu.

Alhamisi, 26 Juni

Siku nzima nimeshindwa kula. Shangazi anadhani naumwa, kanipikia uji. Nimeomba mkutano uahirishwe, nikasingizia kichwa. Bosi amenipa vidonge.

Karatasi ya makubaliano kwa Kiswahili nimeiona leo kwa mara ya kwanza. Ukurasa mmoja. "Kuendeleza na kuboresha chanzo cha maji." Ya Kifaransa ina kurasa tisa. Kuna michoro. Nimejaribu kuisoma nyuma ya nyumba. Ni kama kusoma gizani kwa kupapasa kwa kidole.

Ijumaa, 27 Juni

Niandike yote leo, kwa mpangilio, kabla sijaanza kuyapamba.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule ya msingi, saa nne. Watu wengi kuliko nilivyotarajia. Wazee kwenye madawati, akina mama chini kwenye kanga, shangazi mstari wa mbele kabisa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhawi, akasalimia: "Mbukwenyi!" Wakaitika. Bosi akasema machache. Kisha Bastien.

Sehemu ya kwanza niliiweza. Jina lake. Mlima wao. Wageni wanaopenda kutembea. Ajira kwa vijana, mboga zitanunuliwa hapa hapa. Nadhani nilikuwa karibu na kweli.

Kisha akafika kwenye chemchemi. Akaongeza kasi. Kulikuwa na neno *captage*, alilirudia mara nne. Sikulijua. Baadaye nikasikia neno moja nililolijua, *protection*. Ulinzi. Likanijia kama kamba kwa mtu anayezama. Nikaishika.

Nikasema, "Anasema wataitunza chemchemi yetu. Wataiwekea ulinzi, isiharibike."

Wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Shangazi aligeuka nyuma kuwatazama wenzake kama anayesema, mmeona?

Mtendaji akatoa karatasi na kidau cha wino. Watu wakaanza kupanga foleni ya kusaini na kuweka dole gumba.

Odile hakupiga makofi. Aliwatazama akina mama, akanitazama mimi. Akanijia, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaongea polepole kabisa, neno moja moja. Aliuliza: wameelewa? Wameelewa kwamba maji yatakwenda kwanza hotelini?

Nilielewa. Sikutaka kuelewa lakini nilielewa. Akaendelea. Kwao pia, wakati wa babu yake, watu walipiga makofi hivi hivi. Chemchemi ikajengewa, ikazungushiwa uzio, maji yakaenda kwenye bafu za wageni. Kijiji kilipewa kilichozidi.

Shangazi alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka sauti yangu tu, imepanda juu, mbaya.

"Shangazi, usisaini! Jamani, msisaini! Nimewadanganya."

Nikasema sijui Kifaransa. Nimejifunza siku kumi na moja kwa fundi cherehani. Nilichosema kuhusu ulinzi nimekibahatisha. Hata pale njiani nilikuwa nabahatisha. Sijui karatasi ile inasema nini, na inawezekana maji yenu yanaondoka.

Kisha nikageuka nikamwambia Bastien kwa Kifaransa kile kidogo nilichonacho. Sielewi vizuri. Nilisema uongo. Samahani. Hii ilitoka sawasawa, bila kutafuta hata neno.

Bosi alikunja uso. Alisema kwa sauti ya chini, "Debora, kaa chini." Sikukaa. Watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Mzee mmoja alisema nipelekwe polisi. Mwenyekiti akagonga dawati.

"Sasa tutajuaje anachosema huyu mgeni?"

Nikasema yupo mtu anayejua kweli. Yuko Dodoma. Ana simu.

Mtandao Itemba unashika mahali pamoja, kwenye jiwe kubwa nyuma ya choo cha walimu. Mkutano mzima ukahamia huko, na madawati. Mama Consolata alipokea mlio wa tatu. Nikaweka spika, simu ikakaa juu ya jiwe. Cherehani ikasikika ikisimama.

"Mama, ni Debora. Nimesema. Niko mbele ya kijiji kizima. Naomba ututafsirie."

"Ngoja nifunge mlango," akasema. Kisha, "Wazee, shikamooni. Akina mama, habari za huko? Haya, huyo baba aanze, na asikimbie."

Watu walicheka.

Bastien alianza upya. Alikuwa na hasira, lakini hakukataa. Alipiga magoti kuikaribia simu. Mama Consolata akatafsiri kila sentensi, na pale ambapo hakuelewa alisema, "Hapo sijaelewa, arudie." Alisema hivyo mara tatu, bila aibu yoyote. Nilisimama pale nikisikia jinsi ilivyo rahisi kulisema.

Ikawa wazi. *Captage* ni kuyakamata maji pale yanapotoka, kujengea, kuweka bomba. Bomba lingekwenda kambini. Ile *protection* ilikuwa uzio kuzunguka chemchemi, watu na mifugo wasiingie. Kijiji kingepata kilichozidi, kwenye bomba moja pale chini karibu na zahanati.

Bastien alisema kwao ndivyo inavyofanyika, ndiyo sheria ya usafi, na alidhani watu wameshaelezwa na wamekubali. Nadhani alikuwa mkweli. Alimtazama bosi aliposema hivyo. Bosi alikuwa anatazama milima.

Shangazi akainua mkono. Hakunitazama.

"Muulize. Mwezi wa kumi, mvua haijaja, kilichozidi ni kiasi gani?"

Simu ikatafsiri. Bastien akafungua michoro yake, akapekua, akaifunga. Akasema neno moja.

"Anasema, huenda hakuna," akasema Mama Consolata.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtendaji alifunika kidau cha wino. Watu watano walikuwa wameshasaini, Mzee Mhawi akaichana karatasi mbele yao, akampa kila mtu aone vipande. Akamwambia mgeni kupitia simu kwamba hawajamfukuza. Kambi wanaitaka, ajira wanazitaka. Lakini maji yaanze kijijini, na wageni ndio wapewe kilichozidi. Akishaandika hivyo, arudi.

Bastien alisema atafikiri. Ilichukua saa tatu. Salio la simu liliisha mara mbili, mwalimu mkuu akaongeza la kwake.

Nimeandika hadi vidole vimekufa ganzi.

Jumamosi, 28 Juni

Tumeshuka. Kwenye gari Odile alikaa na mimi nyuma. Alinipa pipi ya tangawizi. Bosi alisema sentensi moja, wakati wa kuongeza mafuta: "Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu."

Kibaya si hicho. Kibaya ni shangazi.

Asubuhi nilimkuta anafagia. Nikamsalimia, akaitika. Nikamwambia naomba anisamehe. Akaendelea kufagia hadi mwisho wa uwanja, kisha akarudi.

"Kama ungeniambia kwenye simu ile siku, ningekucheka, yakaisha. Umeniacha nikatembee kijiji kizima na jina lako."

Watu wengine walinishukuru. Mama mmoja alinipa mayai. Shangazi alinifungia ulezi kwenye mfuko, akauweka mlangoni bila kunikabidhi mkononi.

Jumatatu, 30 Juni

Nimefukuzwa kazi. Barua ya mistari mitano. Udanganyifu katika maombi ya kazi. Ni kweli, sina cha kupinga.

Nilimuuliza Bwana Mallya jambo moja kabla ya kutoka. Kama alijua maana ya ile karatasi ya kurasa tisa. Alipanga kalamu zake mezani.

"Mradi ungewafaa wale watu," akasema.

Nikamwambia hakujibu swali. Akasema na mimi sikumjibu ukweli aliponiuliza habari ya Kifaransa. Tukatazamana. Nilivua kile kitambulisho, nikakiweka mezani, nikatoka.

Nimelia kwenye bajaji hadi Nzuguni. Dereva alizima redio.

Alhamisi, 3 Julai

Sina kazi. Nafua, naosha, nafua tena vilivyo safi. Kila simu ikilia nashtuka. Nimewaza kwamba habari hii itanitangulia kila ofisi ya utalii hapa mjini, na nadhani nawaza sawa.

Mama Consolata amenipa kona ya kibanda chake. Nakata vitambaa, napiga pasi. Jioni tunaendelea na Kifaransa kwa sababu anasema hataki kazi iliyoachwa katikati.

Jumatano, 16 Julai

Mwenyekiti kapiga. Bastien ameandika. Amekubali maji yaanze kijijini, ila anapunguza vyumba vya kambi, sasa ni vitano. Ameleta karatasi ya makubaliano kwa Kiswahili, kurasa tisa kamili, imetafsiriwa na mtu wa chuo. Kijiji kimeipeleka kwa mwanasheria kwanza. Hawajasaini. Mzee Mhawi anasema hawana haraka.

Sikujua nicheke au niogope. Inaweza bado kuharibika. Nimeuliza habari za shangazi. Akasema hajambo, ana tatizo la macho, ameandikiwa kuja hospitali Dodoma.

Hakuniambia mwenyewe.

Jumanne, 22 Julai

Nilikwenda kumpokea stendi bila kuitwa. Nilikaa tangu saa tatu kwa kuhofia kumkosa. Aliposhuka alinitambua kwa sauti, si kwa sura. Macho yamefunga ukungu. Alitaka kwenda kulala kwa jirani wa zamani, huko Chang'ombe. Nikabeba mfuko wake, nikatangulia. Akanifuata.

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Jicho la kwanza Ijumaa. Naogopa kuliko siku ya mkutano. Yeye haogopi, au hasemi.

Jumamosi, 26 Julai

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wameondoa bandeji leo asubuhi. Akanitazama muda mrefu, akasema nimekonda.

Mchana alilala kitandani kwangu, jicho moja chini ya kinga ya plastiki. Upepo wa Julai unapiga mabati. Nilikuwa nakunja nguo. Nilidhani amelala.

"Debora. Milima ya wale watu ikoje?"

Nikakaa pembeni ya kitanda. Nikamwambia ni volkano zilizolala. Zina majani mafupi hadi juu. Nikamwambia kuhusu ng'ombe wekundu, na vibanda vya mawe, na wachungaji waliokaa huko miezi mbali na wake zao. Hapo akaguna. Nikamwambia kuhusu kanisa jeusi, na vijana waliokwenda kuuza makaa, na nyumba zilizofungwa.

"Na zile volkano, zitaamka?"

"Sijui, shangazi."

"Na yule mama, anaishi peke yake huko?"

"Sikumuuliza. Sijui."

Akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaushika.

"Haya, endelea," akasema. "Unayoyajua."

Nikaendelea hadi akasinzia.